Kijani na nyekundu: kadi za grafiki na laini za simu

Leo naweka mambo ya kuandika programu kando kidogo, kwa sababu kuna ubishi umenichosha hapa mtaani Bondeni. Si wa siasa, wala si wa Gor na Ingwe. Ni wa kadi za grafiki. Vijana wa miaka kumi na saba, wengine hata kompyuta nyumbani hawana, wanabishana kuhusu Nvidia na AMD kana kwamba wana hisa huko. Wa kijani wanasema AMD ni takataka, draiva zake mbovu (draiva za kompyuta, si wa matatu), na inachemka kama jiko. Wa nyekundu wanasema Nvidia ni wezi wa mchana. Cha kuchekesha ni mahali ubishi wenyewe unapofanyikia: kwenye banda la geimu, pedi za PlayStation mikononi.

Sasa niambie, ndani ya PlayStation 4 mna grafiki ya nani? AMD. Na PlayStation 5? AMD vilevile. Tangu mwaka 2013 Sony imekuwa ikitumia chipu za AMD, na Xbox hali kadhalika. Iliyokuwa na grafiki ya Nvidia ni PlayStation 3. Kwa hiyo kijana anayeapa kwamba AMD haiwezi kuendesha geimu anaapa huku anafungwa mabao manne juu ya mashine ya AMD. Nilipomwambia mmoja wao akanijibu, "Injinia, hiyo ni tofauti." Tofauti gani, hakusema. Akarudi kucheza.

Nadhani sisi Wakenya tunaujua ubishi huu vizuri, kwa sababu tumeuishi kwenye simu. Kwenye simu, kijani ni Safaricom na nyekundu ni Airtel. Kwenye kadi, kijani ni Nvidia na nyekundu ni AMD. Rangi zimelingana kwa bahati tu, lakini ukichimba historia unakuta mengine yanalingana pia. Airtel ya leo ilianza kama Kencell mwaka 2000, ikawa Celtel 2004, ikawa Zain 2008, ikawa Airtel 2010. Radeon nayo ilizaliwa ATI, kampuni ya Canada ya tangu 1985. AMD ikainunua mwaka 2006 kwa dola bilioni 5.4, na mwaka huohuo wa 2010 jina la ATI likaondolewa kwenye kadi. Mteja anayeona bango likipakwa rangi upya kila mara huanza kujiuliza kama duka lina mwenyewe. Wa kijani kule na wa kijani huku, jina ni lilelile tangu siku ya kwanza.

Halafu kuna mwaka 2007. Mwezi wa Machi Safaricom ilizindua M-Pesa. Mwaka huohuo Nvidia ikatoa CUDA, yaani njia ya kumwezesha mwandishi wa programu kuipa kadi ya grafiki hesabu za aina yoyote badala ya kuchora picha tu. M-Pesa haikuhusu kupiga simu. CUDA haikuhusu geimu. Lakini vitu hivi viwili ndivyo vilivyoamua nani atakaa juu, na vyote viwili wapinzani walivichelewa.

Mnakumbuka Agosti 2010? CCK ilikuwa imepunguza ada ambayo mitandao hulipana, na Zain ikashusha bei ya simu hadi shilingi 3 kwa dakika. Safaricom ikalazimika kushuka pia. Kila mtu akapiga simu kwa bei nafuu, na wengi wa kijani wakabaki palepale kwenye kijani. Aprili 2011 ikaja ruhusa ya kuhama mtandao bila kubadilisha namba. Waliohama walikuwa wachache mno. Kwa nini? Namba ilihama, lakini M-Pesa haikuhama nayo. Mama mboga hakubaki Safaricom kwa mapenzi ya rangi. Alibaki kwa sababu wateja wake, chama chake na karo ya watoto wake vilikuwa humo.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Mapenzi ya kampuni tunayoyapigia kelele ni kitu chepesi sana. Kinachowashika watu ni kufuli. Na wanaosaidia kufuli hiyo ikazwe zaidi ni sisi wenye digrii, wala si vijana wa banda la geimu.

Mimi mwenyewe ni mfano. Sina mapenzi na Nvidia wala chuki nayo. Nyumbani natumia Linux, na kwenye Linux kadi za AMD zinanipa raha zaidi, kwa sababu draiva zake ziko wazi na zimo ndani ya mfumo wenyewe: unachomeka kadi, unawasha, kazi inaanza. Lakini nikitaka kufunza modeli ndogo inayosikia Kiswahili cha hapa Rift Valley, kila maktaba ninayoshusha inadhani nina CUDA. AMD ilileta ROCm mwaka 2016, miaka tisa baadaye, na kwa muda mrefu ilikubali Linux tu, tena kwa orodha fupi ya kadi. Kuna mtu alitengeneza ZLUDA, programu ya kuendeshea kazi za CUDA juu ya kadi nyingine. AMD ilimlipa kwa muda kisha ikaacha, msimbo ukawekwa wazi Februari 2024, na Agosti ya mwaka huo AMD wakataka uondolewe. Na leseni ya CUDA yenyewe inakataza watu kutafsiri matokeo ya zana zake ili yaende kwenye mashine zisizo za Nvidia. Basi moyo wangu uko huru, ila msimbo wangu umeolewa.

Kwenye pesa za simu tulipata nafuu kidogo. Mwaka 2018 Safaricom na Airtel zikaruhusu kutumiana pesa moja kwa moja, na 2022 mteja wa Airtel akaweza kulipa kwa till ya M-Pesa. Haikuwa huruma ya kampuni, na haikuwa ushabiki wa watu wa nyekundu. Benki Kuu ilisukuma. Kwenye kadi za grafiki hakuna Benki Kuu.

Mshabiki ataniambia, "Lakini hawa wangu ni waaminifu kuliko wale." Haya, tuhesabu. Mwaka 2001 ATI ilinaswa na draiva iliyotambua jina la Quake III na kupunguza ubora wa picha ili ionekane ina kasi. Mwaka 2003 Nvidia ilinaswa na ujanja wa aina hiyohiyo kwenye 3DMark03. GTX 970 ya mwaka 2014 iliandikwa GB 4 za kumbukumbu, kumbe GB 3.5 ndizo za kasi kamili na nusu iliyobaki inakokota miguu. Mwaka 2016 Nvidia ikakubali kuwalipa wanunuzi wa Marekani dola 30 kila mmoja. Mwaka 2017 AMD ikauza RX 560 yenye viini 896 chini ya jina lilelile la kadi ya viini 1024. Na kuna kesi ya Marekani ambamo Nvidia na ATI zilishtakiwa pamoja na wanunuzi kwamba zilikula njama ya bei. Zote mbili zililipa mwaka 2008 ili kesi iishe. Wakati mashabiki wanatukanana, wenyewe wamekaa benchi moja mahakamani! Hata wakuu wao, Jensen Huang na Lisa Su, wote wazaliwa wa Taiwan, ni ndugu wa mbali. Wewe umekosana na nani hasa?

Hapo mnadhani ni mzaha tu wa mtaani. Ngoja niwaeleze unavyomgharimu mtu.

Hapa Nakuru mwenye uwezo wa kununua kompyuta mpya yenye kadi mpya ni mmoja mmoja. Wengi tunanunua mashine za mtumba za ofisi za Ulaya, zile wenye maduka huziita "ex-UK". Dell OptiPlex 9020 ile nyembamba, kwa mfano. Ni mashine ngumu na nzuri, lakini pawa saplai yake ni wati 255 na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Kadi itakula kile inachopewa na tundu inamochomekwa, yaani wati 75, basi. RX 580 inataka wati 185 na waya wa pini 8. GTX 1070 inataka 150 na waya wake pia. Zote mbili hazina nafasi humo, hata kwa urefu hazitoshi. Mashine yenyewe imekwishakupunguzia ubishi kabla hujafungua mdomo.

Sasa kuna kijana anayepiga video za harusi hapa, na Bondeni harusi hazikosekani. Ana OptiPlex ya namna hiyo. Kutoa video ya saa mbili kulikuwa kunamkalia usiku mzima, na stima ikipotea anaanza upya. Marafiki wa banda la geimu wakamshauri. Wa kijani wakamwambia, nunua GT 1030, Nvidia ni Nvidia. Wa nyekundu wakamwambia, nunua RX 6400, ni mpya zaidi.

Angalieni mtego. Kinachoharakisha kutoa video ni saketi maalumu ya kusimba video ndani ya chipu. Kadi nyingi za Nvidia zinayo. GT 1030 haina. Tena GT 1030 ziko mbili kwa jina moja: ya kwanza ina kumbukumbu ya GDDR5 inayopitisha GB 48 kwa sekunde, na ile iliyoletwa 2018 ina DDR4 ya GB 16.8. Boksi ni karibu sawa. Upande wa pili, RX 6400 ya mwaka 2022 nayo haina saketi hiyo, na juu ya hayo imefungwa njia nne tu za kupitishia data. Kwenye mashine mpya haisumbui sana, ila kwenye mashine ya zamani kama yake kila njia inabeba nusu ya mzigo. Rangi zote mbili zilikuwa zimempeleka kwenye shimo lilelile, kila moja kwa kiburi chake.

Na je, yule wa tatu, Intel? Arc B580 ilitoka Desemba 2024 kwa dola 249 ikiwa na GB 12, bei ya kutamanisha kabisa. Lakini inataka bodi yenye Resizable BAR, jambo ambalo mashine hizi za mtumba hazina, na bila hilo inakuwa kama gari jipya barabara ya Mau Summit siku ya Krismasi.

Kumbe kijana wetu alikuwa na anachokitafuta muda wote. Prosesa yake ya Core i5 ina grafiki ya Intel ndani yake, na humo mna Quick Sync, saketi ya kusimba video. Hakuwa ameiwasha kwenye programu. Nilimwambia awashe hiyo kwanza, aongeze RAM, anunue na UPS ndogo, na pesa ya kadi aiweke. Aliniangalia kama mtu niliyemvunjia posa. "Kwa hiyo wewe uko timu gani?" akauliza.

Akiona bado anataka kadi, zipo mbili zinazofaa: GTX 1050 Ti fupi au GTX 1650 fupi, zote za wati 75 na zina saketi hiyo. Ndiyo, ni za kijani. Nazitaja kwa sababu zinaingia na zinafanya kazi. Lakini ajue kwamba Oktoba 2025 Nvidia iliacha kutoa draiva mpya za geimu kwa kizazi cha 1050 Ti, zimebaki za usalama tu hadi 2028. AMD nayo ilizipunguzia matunzo Polaris na Vega tangu 2023. Hawana haraka na sisi. Katika mwaka wa fedha ulioisha Januari 2025 Nvidia iliingiza dola bilioni 130.5, na zote zilizotoka kwenye geimu ni bilioni 11.4 hivi, chini ya kumi kwa mia. Yule mnayempigania bandani hata hawasikii kwa kelele za vituo vya data.

Jambo la mwisho kwa anayekwenda dukani, iwe hapa Kenyatta Avenue au Luthuli kule Nairobi. Kuna kadi za kale kama GTS 450 zilizobadilishwa jina ndani ili zijitambulishe kuwa GTX 1050 Ti. Stika na boksi havitakusaidia. Weka GPU-Z kwenye flashi, omba ichomekwe kwenye kompyuta ya duka kabla hujalipa, na usome chipu yenyewe. 1050 Ti halali itasema GP107. Ikiwa ya bandia, programu itakuandikia hivyo waziwazi. Muuzaji akikataa usiichomeke, rudisha pesa mfukoni na utoke.