Assert si "kusema" kwa mikogo

Mwandishi aliyedai kwamba kitenzi cha Kiingereza assert ni "sema" iliyovalishwa suti hakukichimba vya kutosha. Asili yake ni Kilatini, asserere, kujiambatanishia kitu, na makao yake yalikuwa mahakamani. Katika Roma ya kale, mtumwa aliyeshikilia kuwa ni mtu huru hakuruhusiwa kujitetea mwenyewe. Ilibidi raia amshike mkono mbele ya hakimu na kumtangaza huru. Raia huyo aliitwa assertor. Sharti hilo lilidumu hadi Kaisari Justinian alipolifuta katika karne ya 6. Mkono huohuo uliweza kukandamiza pia: mwanahistoria wa Kirumi Livy anasimulia jinsi mtu aitwaye Marcus Claudius alivyomkamata binti Verginia uwanjani, binti huyo alipokuwa akielekea shule, na kudai ni mtumwa wake.

Kiingereza kililichukua neno hili karibu na mwaka 1600, pamoja na ubishi wake. Ndiyo maana Mwingereza hu-assert haki au mamlaka yake hata bila kufungua mdomo. Hebu mwenzetu aweke say hapo, aone sentensi inavyochechemea. Na wakili akiandika kwamba mpinzani wake "asserts" jambo fulani, anadokeza, kwa adabu zote, kwamba ushahidi bado haujaonekana.