Kufuli tatu za sanduku, admini mmoja wa grupu

Akaunti ya kundi kwenye mtandao wa kijamii ni mali ya kundi, sawa na fedha zake, na inastahili ulinzi uleule. Vikundi vingi vya Afrika Mashariki bado havijalitambua hilo. Kikoba hufunga sanduku lake kwa kufuli tatu, funguo zikashikwa na wanachama watatu tofauti, na anayelala na sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Vikundi vya kuweka na kukopa vya namna hiyo vilianzia Niger mwaka 1991, kwa akina mama waliosaidiwa na shirika la CARE, vikaenea hadi vijiji vya Tanzania, Kenya na Uganda. Vimedumu kwa sababu havitegemei uaminifu wa mtu mmoja. Lakini kikoba hichohicho mara nyingi kina grupu la WhatsApp lenye admini mmoja, na ukurasa wa Facebook uliofunguliwa na mtoto wa katibu ambaye sasa yuko chuo mkoa mwingine.

Hatari ya admini mmoja imo ndani ya kanuni za programu yenyewe. Kwenye WhatsApp, aliyefungua grupu hawezi kuvuliwa uadmini na wenzake; anabaki nao mpaka atoke mwenyewe. Admini wa pekee akitoka, programu humteua mwanachama yeyote kushika nafasi yake, bila kuuliza kama ana muda, busara au hata bando. Kwenye grupu la watu kumi hilo si tatizo kubwa. Lakini tangu mwaka 2022 grupu moja linaweza kubeba watu 1,024, na kwa umati wa namna hiyo kumpata kiongozi kwa bahati nasibu ni uzembe usio na sababu. Laini nayo ina mwisho wake. Imesajiliwa kwa jina la mtu, na mtu huyo hufariki, huhama nchi, huibiwa simu. Namba iliyokaa muda mrefu bila kutumika hurudishwa na kampuni ya simu na kuuzwa kwa mteja mwingine.

Kwa hiyo admini wasipungue watatu, na wachaguliwe kikaoni kama wanavyochaguliwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Admini apangiwe kazi: kuingiza wanachama wapya, kuwatoa waliokoma, kutunza matangazo, kufuta kisichofaa. Cheo kisicho na kazi ndicho huzaa ubabe, mtu akatolewa kwenye grupu la ukoo kwa sababu tu ya kuuliza hesabu. Kumwondoa mwanachama kuhitaji kauli ya admini wawili, na sababu itamkwe mbele ya wote.

Wizi wa akaunti hufuata njia iliyozoeleka. Mwanachama hupata ujumbe kutoka kwa namba anayoifahamu: kuna tarakimu sita zimeingia kwenye simu yake kimakosa, anaombwa azitume haraka. Tarakimu hizo ndizo ufunguo wa akaunti yake. Akizituma, tapeli huingia kwenye magrupu yake yote akiwa na jina na picha yake, na kabla ya jioni watu wameshaambiwa michango sasa itumwe kwenye namba nyingine. Kinga ya kwanza ni namba ya siri ya hatua ya pili, ambayo kila admini hana budi kuiweka. Kinga ya pili ni ya kundi zima: namba ya kupokea michango iandikwe kwenye maelezo ya grupu, grupu likiwa limewekwa ili admini tu waweze kuyahariri, na isibadilishwe kwa ujumbe hata siku moja. Mabadiliko yatangazwe kikaoni, au mweka hazina apigiwe simu na asikike sauti.

Orodha ya michango ni jambo dogo linalovuruga watu wengi. Kwenye grupu la msiba mtu hunakili orodha iliyopo, huongeza jina lake na kiasi mwishoni, kisha huirudisha. Wawili wakifanya hivyo kwa wakati mmoja, kila mmoja ameanzia orodha ileile ya zamani, na anayefuata hunakili ya mwisho kuonekana. Jina la mmoja limepotea hapo bila mtu kuligusa. Aliyetuma shilingi elfu hamsini kutoka Muscat anafungua simu kesho yake na haoni jina lake, na huzuni ya msiba inaongezewa manung'uniko yanayoweza kudumu miaka. Dawa yake haina gharama: mtu mmoja ndiye aandike orodha, wengine wamtumie ujumbe wa muamala, naye aibandike mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni.

Matangazo na maongezi vitengane. Tangu mwaka 2018 WhatsApp inaruhusu grupu kufungwa ili admini pekee waandike, na tangu 2022 kuna Jumuiya, inayoweka magrupu kadhaa chini ya paa moja lenye sehemu yake ya matangazo. Mtaa, parokia au shule yenye madarasa mengi hunufaika sana na mpangilio huo. Ila kufunga grupu moja kwa moja, bila kuacha pa kusemea, ni kosa. Wazazi wasioweza kuuliza kuhusu ada kwenye grupu la darasa hufungua grupu lao la pembeni, na huko mwalimu hayupo kujibu.

Kuhusu jumbe za kusambazwa, programu imepunguza kasi: tangu mwaka 2019 ujumbe hauwezi kupelekwa kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ule uliokwisha kuzunguka sana huenda kwa moja tu. Ujumbe huo huja na alama ya mishale miwili, na alama hiyo itoshe kumfanya admini aulize chanzo. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inayoadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo, na Kenya ilitunga ya kwake mwaka 2018. Nchini India, Mahakama Kuu ya Bombay ilishaamua mwaka 2021 kwamba admini hawajibiki kwa makosa ya jinai kwa ujumbe wa mwanachama asipokuwa na nia moja naye. Hata pasipo sheria, admini aliyeona dawa ya uongo ya kisukari ikizunguka kwa wazee akanyamaza hajatimiza kazi aliyopewa.

Picha zinahitaji uangalifu zaidi ya maneno. Mwaka 2023 ofisi ya kulinda taarifa binafsi nchini Kenya iliitoza shule moja faini ya zaidi ya shilingi milioni 4.5 za Kenya kwa kubandika picha za watoto bila idhini ya wazazi. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Picha ya mgonjwa kitandani isibandikwe bila ridhaa yake, na taarifa ya kifo isubiri familia. Mama kujua kifo cha mwanawe kupitia grupu la mtaa, kabla shangazi hajafika kumkalisha chini, ni ukatili hata kama aliyebandika alikuwa na huruma.

Facebook hutofautiana kidogo. Kundi lisifunguliwe akaunti ya mtu binafsi kwa jina la kikundi, kwani hiyo hukiuka masharti na inaweza kufungwa wakati wowote. Lifunguliwe ukurasa, kila kiongozi aingie kwa akaunti yake na apewe mamlaka yanayolingana na kazi yake. Hivyo anayeondoka huondolewa bila kubadili nywila. Pale nywila inapokuwa moja, iandikwe na kuhifadhiwa pamoja na vitabu vya kundi, na ibadilishwe kila uongozi unapobadilika.

Makabidhiano yaingie kwenye muhtasari wa kikao: akaunti zipi, namba zipi, admini wapya ni nani, wa zamani wametoka lini. Grupu la muda, kama la harusi au msiba, lifungwe baada ya hesabu kusomwa, mapato na matumizi yakibandikwa wazi. Wanachama wapewe wiki moja ya kuhoji, kisha admini wawatoe na wao wenyewe watoke mwisho.