Ujerumani: Filamu ya mkimbizi iliyowaponya wenyeji peke yao

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo kila mzee wa kijiji anaijua. Lakini huko Ujerumani kuna filamu iliyoifuata neno kwa neno, ikasahau kuuliza: na mgeni, yeye atapona lini?

Filamu hiyo ya kuchekesha, yenye mapenzi ndani yake, inaitwa « Willkommen bei den Hartmanns », maana yake Karibu kwa akina Hartmann. Iliongozwa na Simon Verhoeven, ikatoka mwezi wa 11 mwaka 2016, mwaka mmoja baada ya Ujerumani kupokea waomba hifadhi karibu 890,000. Zaidi ya watu milioni 3 waliingia katika majumba ya sinema kuitazama.

Katika mji wa Munich, mama Angelika, mwalimu aliyestaafu, anaamua kumpokea mkimbizi nyumbani kwake. Mume wake Richard, mganga wa upasuaji, hapendi. Yeye anapigana na uzee. Mtoto wao wa kiume ni mwanasheria asiye na wakati na mwanawe. Binti yao Sophie amepita miaka 30, angali anasoma na hajaolewa. Ndipo anaingia Diallo, kijana kutoka Nigeria, akichezwa na Eric Kabongo, mzaliwa wa Kinshasa.

Haki isemwe. Filamu inachekesha, na Kabongo amefanya kazi yake vizuri. Pia haikuwaficha Wajerumani wenye kuchukia wageni, wala wale wanaosaidia ili waonekane wema.

Lakini angalieni nani anapata nini. Sophie anapata mapenzi ya mganga Tarek. Angelika na Richard wanafufua ndoa yao. Mtoto na baba wanapatana. Na Diallo? Anapata karatasi ya kubaki. Yeye ndiye anaonya, anashauri na kuwaunganisha. Ni kama dawa: ikisha kunywewa, chupa inawekwa pembeni.

Jambo linaloumiza zaidi ni hili. Diallo anasimama mbele ya wanafunzi na kueleza jinsi Boko Haram walivyoharibu jamaa yake. Darasa linanyamaza. Hapo filamu ingeweza kukaa naye, kuuliza anawakumbuka namna gani, analala namna gani usiku. Haikukaa. Vicheko vinarudi haraka, na mambo ya nyumba ya Hartmann yanaendelea. Kilio cha mtu kimekuwa somo la shule.

Wengine watasema: ni filamu ya kuchekesha, musiibebeshe mzigo mkubwa. Jibu ni jepesi. Waliokimbia vita nao wanacheka. Hata chini ya hema la plastiki watu wanataniana, wanachumbiana, wanaoana, wanagombania ndoo ya maji kisha wanapatana. Hakuna aliyekataza kicheko. Swali ni hili: kwa nini wanaochekwa na kupenda na kukosea kama watu kamili ni wenyeji, na mkimbizi lazima awe mpole, mwenye adabu, asiye na kosa, ndipo astahili kubaki?

Hapo ndipo kuna hatari. Mtazamaji anayefundishwa kumpenda Diallo kwa sababu ni mwema na anafaa nyumbani, atamfanyia nini mkimbizi mwenye hasira, mwenye kunyamaza, mgonjwa, au yule ambaye dosiye yake imekataliwa? Hifadhi si zawadi ya tabia nzuri. Ni haki ya mtu anayekimbia kifo.

Wazee walisema pia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake, mgeni akikaa anakuwa mtu wa nyumba, mwenye shamba lake na maneno yake. Filamu hii ilimpa Diallo chumba na kitanda. Jembe haikumpa.