Daftari la Wiki: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

JUMATATU. Katika hoteli moja jijini Nairobi, kijana aliye kwenye mafunzo ya vitendo aliniletea chai. Tone lilikuwa limemwagikia kisahani. Aliliona kabla yangu, akarudi jikoni, akaja na kisahani kikavu. Hakusema neno. Shahada yenyewe ndiyo hiyo: kuona haja ya mgeni kabla hajaitamka.

JUMANNE. Elimu hii ya hoteli ina umri. Shule ya hoteli ya Lausanne, Uswisi, ilianzishwa 1893 na Jacques Tschumi, ndani ya hoteli. Uswisi hiyo hiyo ilishirikiana na Kenya kuanzisha Chuo cha Utalii, kando ya barabara ya Thika, mwaka 1975. Chuo hicho nacho kina hoteli yake, na mwanafunzi hufunzwa na mgeni anayelipa.

JUMATANO. Vyuo vikuu vya kibinafsi navyo vimeingia. Strathmore, ambayo sasa iko Madaraka, Nairobi, ilianza 1961 ikiwa chuo tu, si chuo kikuu. Leo inafundisha usimamizi wa hoteli, na ina kituo cha kulea biashara changa. Nafurahia mambo hayo mawili kukaa ua mmoja. Kwa miaka mingi tumewafunza vijana kubeba sinia za wenye hoteli, tusiwafunze kumiliki hata jiko.

ALHAMISI. Mama anayeniuzia chapati karibu na steji ana daftari lililolowa mafuta pembeni. Humo mna unga, mafuta, makaa, kodi ya kibanda na ada ya kaunti, kila gharama imegawanywa hadi ikafika kwenye chapati moja. Unga umepanda tena. Nikamuuliza kama atapunguza donge. “Hapana, mwanangu. Heri niongeze shilingi tano nikimwambia mteja. Ukimdanganya mtu tumboni, harudi.” Ujasiriamali na ukarimu, katika pumzi moja.

IJUMAA. Ombi langu kwa vyuo: mwalikeni mama huyu darasani, mumlipe kama mhadhiri. Kisha kila mwanafunzi wa hoteli apewe kibanda muhula mmoja, anunue, apike, ahudumie, afunge hesabu mwenyewe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji asiyejua chapati yake inamgharimu nini, hata wageni mia hawatamponya. Yule kijana wa kisahani kikavu tayari anajua kumpokea mgeni. Sasa afunzwe namna ya kuupata mlango wake mwenyewe wa kumkaribishia.