KONA YA MWALIMU: Hesabu pumzi za mtoto

Mwezi huu nilitaka kuwaeleza somo la mapafu tulilofanya darasani, lakini kuna jambo limetokea hapa mtaani, nikaona nianze nalo.

Mtoto wa jirani, wa mwaka mmoja na nusu, alishikwa na homa na kikohozi. Sisi hapa Kampala homa ikipanda tu tunasema malaria. Mama yake akanunua dawa ya malaria dukani, akampa siku tatu. Wapi! Siku ya nne nilipita kusalimia, nikaona kifua cha mtoto kinakwenda mbio kama cha mtu aliyetoka kupanda kilima, na yeye amelala tu. Nikatoa simu, nikahesabu: pumzi 56 kwa dakika moja. Kumbe ni nimonia. Alilazwa, akawekewa oksijeni, na sasa amepona. Lakini mama yake ananiuliza mpaka leo, "Mwalimu, mbona hakuna aliyeniambia kuhesabu?"

Basi tuelezane. Hewa inaingia puani, inapita kooni, inashuka kwenye bomba la hewa, lile unaloligusa mbele ya shingo ukasikia ni gumu. Kifuani linagawanyika, tawi moja kwa kila pafu, na matawi yanazidi kugawanyika kama mti uliopinduliwa, mpaka kwenye vifuko vidogo mno. Mtu mzima anavyo mamia ya mamilioni. Ukuta wa kifuko ni mwembamba sana, oksijeni inapenya kuingia kwenye damu na hewa chafu inatoka. Mwenye nimonia, vifuko hivi vinajaa maji na usaha. Oksijeni inapita kwa shida, kwa hiyo mwili unavuta pumzi haraka haraka ili kufidia.

Ndiyo maana tunahesabu. Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi. Mpandishe nguo, tazama kifua au tumbo: kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima, usikate nusu. Kwa mwenye kikohozi, Shirika la Afya Duniani linasema pumzi ni za haraka zikifika 60 kwa mtoto wa chini ya miezi 2, 50 kwa wa miezi 2 mpaka 11, na 40 kwa wa mwaka 1 mpaka 5. Ukipata hivyo, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Malaria na nimonia zinaweza kuja pamoja, kwa hiyo omba apimwe damu na pia atazamwe kifua.

Kama sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, au haamki vizuri, hapo usingoje asubuhi. Panda boda, nenda.

Kosa hili la kudhani ni malaria haliwapati wasiosoma peke yao. Olivia Koburongo, wa Chuo Kikuu cha Makerere hapa hapa, bibi yake alizungushwa hospitali hii na ile, nimonia ikagunduliwa amechelewa, akafariki. Olivia na mwenzake Brian Turyabagye wakabuni jaketi la mtoto linalopima joto, kasi ya pumzi na sauti ya mapafu, wakaliita Mama-Ope. Mwaka 2017 liliingia kwenye orodha ya walioshindania Tuzo ya Afrika ya uhandisi. Sisi jaketi hatuna, ila simu yenye saa tunayo.

Baba mmoja aliniuliza juu ya chanjo. Ndiyo, ipo: Uganda ilianza kutoa chanjo ya nimonia mwaka 2013, mtoto anachomwa akiwa na wiki 6, 10 na 14, bila malipo katika vituo vya serikali, hata kwa sisi wakimbizi. Beba kadi yake. Na sigiri jamani, itoeni nje ya chumba anacholala mtoto, hata mvua ikinyesha ikae barazani.