Simu Mkononi, Moyo Baridi?

Mwandishi wa safu anayedai kwamba mtu wa mtaa wa Kilimani, Nairobi, akikutwa na jambo la ghafla hutoa simu, hupiga picha, kisha hufunga geti, ameona nusu ya mambo. Simu zipo, sikatai. Lakini taa za makutano karibu na jengo la maduka la Yaya zikizimika jioni ya mvua, nani huongoza magari kabla ya askari kufika? Mara nyingi ni kijana wa boda, jaketi ikichuruzika maji, anazuia lori kwa kiganja huku akipigiwa honi. Hakuna aliyemtuma.

Tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini humo, wapita njia walifukua vifusi kwa mikono mitupu. Septemba 2013, jengo la maduka la Westgate liliposhambuliwa, raia wenye bastola zao waliingia kuwatoa watu. Wepesi huo wa kukimbilia tukio una hatari zake: mwaka 1998 wengi walikimbilia madirishani waliposikia kishindo cha kwanza, cha pili kikawarushia vioo machoni. Huo ni udadisi. Ubaridi sijauona hapo.

Na geti lenyewe? Anayekesha hapo, wa kwanza kusikia mayowe, ni bawabu, ambaye makala nzima ya mwandishi huyo haikumtaja.