Dago bila karatasi: mvuvi avuka mpaka kwa bahati, si kwa sheria

Takaba, huko Mandera Magharibi, haina bahari, na samaki anayefika huko mara nyingi hufika akiwa ndani ya mkebe. Hata hivyo, anayetaka kuielewa shida ya mvuvi wa Vanga au wa Kojani anaweza kuanzia Takaba. Mvua inapokosa, mfugaji wa kule hakurupuki na ngamia wake. Hutuma mtu atangulie kuangalia malisho na visima, azungumze na wazee wa upande wa Ethiopia, ajue nani atawapokea na kwa masharti gani. Ndipo mifugo ifuate. Safari ina mtangulizi, ina mwenyeji, ina mahali pa kulala na ina majira ya kurudi. Ondoa ngamia, weka mashua, na hilo ndilo dago.

Dago tunalijua wote hapa pwani, ingawa siku hizi wapo wanaodhani ni jina la kijiji. Wavuvi wanafunga safari kwenda maji ya wengine kwa miezi kadhaa, wanapiga kambi ufukweni, wanavua, wanauza, wanakausha kinachobaki, kisha upepo ukigeuka wanarudi kwao. Wakojani, watu wa kisiwa kidogo mashariki mwa Pemba, wamesifika kwa kazi hii kuliko wengine. Utawakuta Tanga, utawakuta Mtwara, na kaskazi ikivuma utawakuta kwetu Vanga, Shimoni, Gazi, Kilifi, Malindi, Ngomeni mpaka Kipini. Na wetu pia huenda kwao, hasa watu wa Vanga na Jimbo, ambao kwao Pemba na Tanga ni kwa mjomba.

Kaskazi hiyo hiyo, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, humleta mvuvi wa namna nyingine. Huyu hutua kwa ndege, hulala hoteli ya Watamu au Malindi, hukodi boti yenye viti vya kuzunguka na kuvua sulisuli kwa mchezo, halafu samaki akishapigwa picha hufungwa kibandiko na kurudishwa majini. Hemingway mwenyewe alivua Malindi mwaka 1934. Huyu mgeni tunamtengenezea vipeperushi. Leseni yake ya michezo, kitanda na usafiri wa kutoka uwanja wa ndege vyote hupangwa na watu wengine kabla hajafunga sanduku. Sina ugomvi naye, pesa yake inalisha nyumba nyingi. Ila ni ajabu kwamba anayevua kwa kujifurahisha ana utaratibu kamili, na anayevua ili watoto wale hana hata dirisha moja la kuuliza.

Wafugaji angalau wameanza kupata la kushika. Mwaka 2020 mawaziri wa nchi za IGAD walipitisha itifaki ya uhamaji wa mifugo inayotambua kwamba mfugaji wa eneo kavu lazima avuke mpaka, na inayozungumzia njia za kupitia, afya ya wanyama na namna ya kupokeana. Utekelezaji wake bado ni mdogo, na hakuna mzee wa Takaba atakayekwambia kwamba karatasi hiyo imemchimbia kisima. Lakini jambo lenyewe limetambuliwa kwamba si uhalifu. Tanzania haimo IGAD, na tuliona matokeo yake mwaka 2017, pale zaidi ya ng'ombe 1,300 wa wafugaji wa Kimaasai kutoka Kenya walipokamatwa upande wa Tanzania na kupigwa mnada. Kwa mvuvi, mnada huo ni mashine yake ya boti na nyavu zake.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wetu hatulijui, na wanaolijua hawalisemi. Mvuvi wa mpaka wa kusini ana karatasi. Ana karatasi ya zamani kuliko itifaki ya IGAD kwa zaidi ya miaka 40. Kenya na Tanzania zilipokubaliana mpaka wa bahari kati ya Vanga na Pemba, zilifanya hivyo kwa kuandikiana barua, moja ya tarehe 17 Desemba 1975 na jibu lake la tarehe 9 Julai 1976. Humo ndani, mbali na mistari na nukta za ramani, kuna kifungu cha uvuvi. Kinasema kwamba wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili wanaovua kwa kujikimu wataruhusiwa kuvua ndani ya maili 12 za baharini kila upande wa mpaka wa maji ya nchi, kwa kufuata kanuni zilizopo, na kwamba kila nchi itatambua leseni na taratibu za mwenzake kwa wavuvi hao.

Maili 12 za baharini ni kama kilomita 22. Kwa mtu wa Jimbo, ambako mpaka wenyewe unaanzia ufukweni, hiyo ni bahari yake yote anayoijua. Pamoja na hayo, habari za wavuvi wa Kwale kushikwa upande wa pili, na za Watanzania kushikwa upande wetu, zimekuwa za kawaida kiasi kwamba hazishtui tena. Boti inazuiliwa, kiongozi wa BMU anapigiwa simu usiku, mtu wa kaunti anamtafuta mtu wa ubalozi, faini inachangwa, na mambo yanamalizwa kwa heshima ya mtu na mtu. Sijasikia kesi hata moja ambapo mvuvi alitoa kifungu cha 1976 mfukoni. Angekitoa wapi? Hakijabandikwa kwa Kiswahili kwenye ukuta wa ofisi yoyote ya uvuvi niliyoingia.

Hata hivyo tusikifanye kifungu hicho kuwa hirizi. Kina maneno mawili ambayo yanaweza kumwokoa mvuvi au kumwangusha, na maneno hayo ni "wenyeji" na "kujikimu". Mzee mwenye ngarawa na mshipi, anayefuata changu na tasi na kurudi jioni, huyo hana utata. Lakini nyavu ya ringi yenye mabaharia thelathini, mashine mbili na tajiri wa kununua vibua kwa tani, je, huko bado ni kujikimu? Wenye nyavu watasema kila baharia pale anapata mgawo wa kulisha nyumba yake tu. Wenye madema watasema huo ni uvuvi wa biashara uliovaa kanzu ya maskini. Mimi naegemea upande wa madema kwa hili. Kifungu kilichoandikwa kwa ajili ya mnyonge kisitumiwe na mwenye mtaji kupenyezea chombo chake.

Halafu kuna la malazi, ambalo kifungu hakiligusi kabisa. Kuvua upande wa pili na kurudi kulala kwako ni jambo moja. Kuvua na kulala huko miezi mitatu ni jambo lingine, na dago ni hilo la pili. Mkojani aliyepiga kambi Malindi yuko zaidi ya kilomita 150 kutoka mpakani, mbali sana na maili 12 za mtu yeyote. Anasimama juu ya nini? Juu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo itifaki yake ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010 na inazungumzia uhuru wa watu kutembea. Ila tangu 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zimekubaliana raia wao wasafiri kwa kitambulisho tu, na Tanzania haimo katika mpango huo. Kwa hiyo mvuvi wa Vanga anayekwenda kumzika shangazi yake Pemba anatakiwa awe na pasipoti au kibali cha muda cha kusafiria, wakati mtu wa Busia anavuka na kitambulisho chake.

Anayepanga dago la kwenda Pemba afahamu pia kwamba ataingia kwenye nyumba yenye milango zaidi ya mmoja. Uhamiaji ni jambo la Muungano, uvuvi wa pwani si jambo la Muungano. Akiwa Tanga anafuata sheria ya uvuvi ya Bara, akivuka kwenda Wete anafuata ya Zanzibar. Muhuri wa uhamiaji haumpi ruhusa ya kutosa wavu. Ruhusa hiyo huanzia kwa sheha na kamati ya wavuvi ya shehia anakotaka kufikia, na upande wa magharibi wa Pemba karibu wote ni hifadhi ya PECCA tangu 2005, yenye masharti yake. Zanzibar pia imeweka bima ya lazima kwa wageni tangu tarehe 1 Oktoba 2024, kiwango chake cha kawaida kikiwa dola 44. Mvuvi aulize mapema yeye kama raia wa Afrika Mashariki atatozwa nini, maana hesabu ya mafuta huharibiwa na vitu vidogo kama hivyo. Cheti cha homa ya manjano kisisahauliwe, kwa kuwa anatoka Kenya.

Waliozoea hupanga safari hii kuanzia mwisho kuja mwanzo. Wanaanza na mnunuzi: nani atachukua samaki, kwa bei gani, na je, ana barafu. Kisha mwenyeji wa kufikia, maana mgeni asiye na mtu wa kumsemea hata maji ya kunywa atauziwa ghali. Kisha barua ya BMU ya nyumbani, inayosema huyu ni fulani, chombo chake ni hiki, nyavu zake ni hizi, hana kesi. Barua hiyo haina nguvu ya pasipoti, lakini nimeambiwa na zaidi ya nahodha mmoja kwamba imewaokoa kuliko pasipoti, kwa sababu aliyeko diko anajua kuisoma. Mwishoni ndipo wanaangalia mwezi na bamvua, na kuondoka.

Kuhusu kulala, tusijidanganye kwamba ni jambo dogo. Kambi ya dago ni banda la makuti au turubai, mabaharia ishirini na zaidi, jungu moja, na mara nyingi hakuna choo. Ugomvi mwingi ninaoujua kati ya wenyeji na wageni wa dago haukuanzia baharini. Ulianzia kisimani, au kwenye choo ambacho hakikuwepo, au kwa kijana wa kambi na binti wa mtaa. Wenyeji wanaosema dago linaharibu mji hawasemi uongo, na mama karanga wanaosubiri samaki wa dago ili wapate cha kukaanga nao hawasemi uongo. Kijiji kimoja hupata hasara na faida kutoka kwa boti moja, lakini si kwa watu walewale. Kaunti ikijenga vyoo viwili na tangi la maji kwenye diko linalojulikana kupokea wageni kila mwaka, na ikatoza ada ya kambi inayobaki kwa BMU, itakuwa imepunguza nusu ya kelele kabla afisa wa uvuvi hajapima jicho la wavu.

Upande wa kaskazini hali ni ngumu zaidi. Mvuvi wa Kiunga hana barua za 1976. Mpaka wa bahari na Somalia ulichorwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki tarehe 12 Oktoba 2021, katika kesi ambayo Kenya ilishajitoa kushiriki, na hukumu haikumwachia mvuvi wa pande zote mbili kifungu chochote cha kuvukiana. Mei 2023 serikali ilitangaza kufungua mipaka ya Mandera, Liboi na Kiunga kwa awamu, baada ya kufungwa tangu 2011. Julai mwaka huo huo, baada ya mashambulizi, ikaahirisha. Hapo mtu wa Mandera na mtu wa Kiunga walingoja tangazo moja na wakakosa jambo moja. Pengine ndiyo maana nimeanzia Takaba. Tumezoea kuona shida za kaskazini mashariki kama za watu wengine, hali mpaka wao na wetu ni uzi mmoja unaoishia Ishakani.

La kusini lakini halihitaji vita kuisha wala mkataba mpya. Serikali ya kaunti ya Kwale inasimamia uvuvi wa pwani yake kwa katiba, ingawa uhamiaji na mambo ya nje ni ya Nairobi. Inaweza kukitafsiri kifungu cha 1976, ikakibandika Vanga, Jimbo, Majoreni na Shimoni, na ikawapa wavuvi wa mshipi na madema kadi inayosema wao ni wenyeji wanaovua kwa kujikimu. Jumuiya ya Kaunti za Pwani inaweza kukaa na wenzao wa Tanga na Pemba wakubaliane barua ya BMU iwe na sura moja pande zote. Tafsiri ya "kujikimu" ni kazi ya mawaziri, na hapo ndipo nyavu za ringi ziwekewe mpaka wao ulio wazi, tena nje ya mwamba, siyo mlangoni mwa wenye madema.

Kaskazi haingoji kikao. Mashua zitaanza kutweka, zetu na zao, na manahodha watafanya kama walivyofanya mwaka jana: watampigia simu mwenyeji, wataomba barua kwa BMU, na watavuka usiku wakiwa wamezima taa.